Leso ya Mama kwenye Shuka Jeupe

Siku mji wa Tabora ulipoitunuku bendi yake ya zamani ya dansi, niliacha mizinga ya nyuki niliyokuwa nikilinda kule Ipole, nikapanda basi. Baba alipuliza tarumbeta katika bendi ile, na alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nimetangatanga mikoa mingi, na kila nilikofika niliuliza kama kuna mwenye picha yake. Hakuna aliyekuwa nayo. Sasa ilisemekana filamu ya maisha yao ingemwonyesha akipuliza, kitambo kidogo tu.

Mimi na mama tulikaa mstari wa mbele ukumbini. Baada ya hotuba na vyeti walifunga madirisha, na picha ikawaka kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Mama akanigusa goti. "Ndiye huyo."

Kabla sijajua ni yupi, mama alikwishainuka. Zamani mpigaji akitokwa jasho, wanawake walipanda jukwaani kumfuta. Mama alilifikia shuka, akatoa leso, akaanza kupangusa.

"Shemeji, mwache apulize kwanza!" alipaza sauti mpiga tumba, mmoja wa wanabendi wawili waliobaki hai. Ukumbi mzima ukaangua kicheko na makofi.

Mimi niliona mgongo wa mama, na juu ya gauni lake, picha ilipoangukia, kipande cha tarumbeta na vidole vitatu. Kisha kwenye picha akatokea mtu mwingine, akieleza historia ya bendi.

Mama alirudi akihema. "Umemwona?"

"Nimemwona."

Ningeweza kuomba warudishe filamu nyuma. Nilikaa tu, nikawatazama wakifungua madirisha.