Mama Mkwe, Mbwa na Birika

"Mwambie huyo mtu," Bi Delma alimwambia mbwa, "mwaka jana aliichoma dunia nzima. Hakubakisha jani. Hata kivuli changu kiliungua."

Mbwa Sosi akajikuna. Huyo mtu, Clifton, alisimama hatua kumi kutoka pale, kampa mgongo mama mkwe wake. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani wala hawatazamani, basi. Maneno huwa anayabeba Noreen, mke wa Clifton, lakini alikuwa mjini Darwin, kaenda kung'oa jino.

Mwaka wa kumi na nne huu Clifton ni mlinzi wa ardhi na bahari. Amevuta nyavu zilizotupwa na meli za watu mpaka kiuno kikakataa. Mamba mmoja anacho kiatu chake mpaka leo. Hakuna kinachomtisha, ukimtoa Bi Delma.

Na siku hiyo nyasi zilitaka kuchomwa, upepo ukiwa bado mpole. Zikiachwa zikauke kabisa, moto wowote wa baadaye ungefika mpaka mlangoni kwa mama huyo. Ofisi ilishampa Clifton ramani na mihuri. Lakini nchi ile Bi Delma kaipata kwa baba yake; bila neno lake, kibiriti hakitoki mfukoni.

Na neno hakutaka kulitoa. Mwaka jana moto ulimlia majani ya mkadi aliyoanika ya kusukia mikeka. Yalikuwa mafungu tisa. Kufikia mwaka huu yalishakuwa dunia nzima.

"Mwambie mwenye nchi," Clifton akamwambia Sosi taratibu, "moto wa leo utatambaa kama mtoto."

"Mwambie, mtoto wa mwaka jana alikuwa na meno."

Hapo Sosi akaona kenge, akachomoka. Mjumbe kaondoka, na maneno yakaishia hapo. Clifton akakohoa. Bi Delma naye akakohoa, kumzidi. Juu, majani ya miti yalianza kugeuka na upepo.

Clifton akaenda kombokombo kama kaa, asije akamwona mama mkwe, mpaka kwenye kamba ya kuanikia. Akaangua majani ya mkadi ya mwaka huu fungu kwa fungu, na kikapu kilichokuwa chini yake, vyote akavipakia kwenye gari la kazi. Akapandisha vioo, akafunga, ufunguo mfukoni.

Bi Delma akaligeukia birika lake.

"Birika, mwambie aanzie upande wa kijito."

Ruhusa ndiyo hiyo. Clifton akanyanyua kopo lake la kuwashia moto, akashika njia kabla mama hajabadili mawazo. Hakufika mbali.

"Na umuulize, birika. Sukari yangu imo kwenye kikapu hicho, na ufunguo anaondoka nao. Chai ninywe na moshi?"

Clifton alisikia vizuri sana. Lakini sheria ni sheria, na Sosi alikuwa bado na kenge wake. Akakaza mwendo kuelekea kijitoni.