Joho Lililokosa Mwenyewe

Kijana aliingia kwaya kwa sababu ya mabega yake. Sauti yake hakuna aliyekuwa ameisikia. Alikuwa mwanafunzi kutoka ng'ambo, amekuja kujifunza Kiswahili mwaka mmoja, na chuo kilimpeleka akae kwa Mama Fundi, mshonaji aliyekuwa na chumba kitupu tangu binti yake aolewe. Siku ile ya kwanza aliinama mlangoni asigonge kichwa, akakaribishwa, akaulizwa habari za safari. Hata hajamaliza kutafuta neno la kujibu, Mama Fundi alikuwa ameshashika futi yake na kumpima mgongoni. Kijana alidhani ndivyo wageni wanavyopokewa, akasimama wima kama askari.

Kisa chenyewe kilikuwa joho. Mama Fundi ndiye aliyeshona majoho yote ya kwaya ya kanisa lao, na moja alilikata kwa ajili ya mwanamume mmoja mrefu wa sauti ya besi, ambaye alihamishwa kikazi kabla hajalivaa. Tangu hapo lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea. Kulipunguza hakutaka, na kila mwanamume wa kanisani alimwona mfupi. Jumapili iliyofuata joho lilimkaa kijana kama alizaliwa nalo, akasimamishwa mstari wa nyuma, hajui hata kuomba chumvi mezani.

Wakamwita Mgeni, na jina likamganda.

Chuoni walimu walizungumza naye polepole, neno moja moja, kama watu wanaovuka matope. Kwenye mazoezi ya kwaya hakuna aliyemsubiri. Mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi alikuwa fundi bomba, alipiga mapigo kwenye benchi kwa kipande cha bomba la plastiki, huku akiwasema waliochelewa, akimjibu mkewe kwenye simu na kuwaonya soprano wapunguze umbea. Mgeni alishika maneno ya nyimbo kwa sikio tu, akiyaimba kwa bidii bila kujua anamwambia Mungu nini. Akiulizwa kama ameelewa, alijibu kwa furaha, "Ndiyo, nimeolewa." Wiki mbili nzima waimbaji walimpa hongera na kumuuliza habari za mumewe, naye akawashukuru.

Aliyemfumbua macho ni Bibi, mama mzazi wa Mama Fundi, mwanamke mwembamba aliyeshinda kwenye kiti karibu na cherehani akitoa nyuzi kwenye pindo. Bibi alikuwa haogopi mtu. Alimweleza tofauti ya kuolewa na kuelewa, akaongeza kwamba kwa urefu ule mahari yake ingekuwa nzuri. Kuanzia hapo akamchukua mikononi mwake. Mgeni akisema "kikombe yangu," Bibi alikuwa kiziwi. Angerudia mara tatu, chai inapoa, Bibi anatazama dirishani. Akisema "kikombe changu," masikio yanafunguka, na chai inafika na sukari ya ziada.

Mwezi wa nne, majirani wa kanisani walikutana kusali sebuleni kwa Mama Fundi, Jumatano alasiri. Walisali kwa zamu, na zamu ikamfikia Mgeni. Hakuwa amewahi kusali kwa Kiswahili mbele za watu. Alifumba macho, akashukuru kwa nyumba, kwa chakula, kwa Bibi, na akaona mambo yanakwenda sawa. Basi akajipa moyo, akapandisha sauti: "Ee Bwana, tunakuomba utufulie dhambi zetu zote."

Kisha benchi la akina mama likaanza kutikisika. Mtu akakohoa. Bibi hakujisumbua kukohoa, alicheka waziwazi mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza. Mgeni akasema amina upesi, akatoka nje, na shingo yake yote ilikuwa nyekundu.

Siku tatu hakuzungumza ila kwa kichwa. Ijumaa hakwenda mazoezini. Jumamosi Mama Fundi alimwita amsaidie kupiga pasi majoho, maana mikono yake ilifika mwisho wa meza. Walifanya kazi muda mrefu, mvuke ukipanda. Kisha mama akaongea bila kuinua macho.

"Mwanangu, ulitaka kusema utufutie. Lakini kufuta ni kupitisha kitambaa juu juu. Kufua ni sabuni, ni kusugua, kukamua na kuanika. Nikajitazama nikaona mimi nahitaji kufuliwa. Siku ile nilisema amina kwa moyo wote."

Mgeni akaweka pasi chini, akacheka mpaka akaketi. Jioni hiyo Bibi aliomba radhi kwa namna yake: alimpa mkate wake wa mwisho, akasema ameshiba. Tangu siku ile kijana hakuogopa tena kukosea. Alibishana na wauza mboga, akaulizia wagonjwa, akaanza hata kuwasema waliochelewa mazoezini.

Kabla mwaka haujaisha, mama yake mzazi alikuja kumtembelea, mwanamke mrefu vilevile, wa maneno ya haraka. Jumapili mchungaji alimwalika mbele asalimie, na mwanawe, ndani ya joho lake, akashika kipaza sauti kutafsiri. Mama alizungumza dakika nzima bila kupumua, mkono kifuani. Mgeni akatazama sakafu.

"Anasema asante."

Bibi alikuwa kiti cha mbele. "Yote yale ni asante tu? Tafsiri vizuri, mjukuu wangu, tuko hapa."

Kanisa zima likacheka, naye hakuwa na pa kukimbilia.

"Anasema mwanawe, yaani mimi, alikuwa mtu wa kula na kwenda chumbani kwake. Hata simu alijibu kwa maneno mawili. Sasa anapiga kila Jumapili, na hamalizi. Anasema anawajua nyote, nani anachelewa, nani ana mafua. Anasema..." Akashusha kipaza sauti, akakiinua tena. "Anasema alikuja kuwaona watu waliomfungua mwanawe mdomo."

Fundi bomba akapangusa uso kwa karatasi ya noti za wimbo. Mama Fundi alitoka kwenye mstari wa alto, akashuka, akamkumbatia mwenzake. Wakaanza kuongea, kila mmoja kwa lugha yake, wakiitikiana kwa vichwa na kumwonyesha Mgeni kwa vidole kama watu wanaolalamikia mtoto mmoja. Alijaribu kutafsiri, mama yake akamwashiria anyamaze. Akabaki amesimama pale mbele na kipaza sauti mkononi, hana kazi, anacheka peke yake.