Jezi Niliyotaka Kuirudisha

Juzi, hapa Malvern ugenini, tulimwona kwenye runinga kocha Mhispania akimtoa kijana uwanjani, na kijana akaipiga teke chupa ya maji. Wewe mjukuu wangu ukasema, "Babu, kocha huyu ana roho mbaya." Weka simu chini, uandike haya ninayokusimulia.

Kocha wetu kule Moshi naye alikuwa Mhispania, akinukia tumbaku na dawa ya kuchua. Timu ilikuwa ya shule. Mimi sikusoma, nilichunga mbuzi, lakini alinichezesha. Alasiri moja, tukiwa nyuma kwa bao moja, goti liliniuma nikaanza kuchechemea, naye akanitoa.

"Rudi kwa mbuzi wako!" wanafunzi wa timu pinzani wakanizomea.

Niliamini nimefukuzwa kwa kuwa sikuwa mwanafunzi, nikaanza kuvua jezi.

"Vaa!" kocha alifoka. Akapandisha suruali, akanionyesha goti lenye kovu refu. "Nilichechemea hivyo hivyo, kocha wangu akaniacha niendelee. Sikucheza tena."

Hadi siku ile nilikuwa nikidhani mtu huzaliwa kocha.

Leo asubuhi nilipiga magoti kusali, nikainuka bila kushikwa mkono. Kila ninapoinuka hivyo, ninamwombea kocha yule.