Shangazi Theodosia na Mwamba Usio na Kitu

"Shangazi, ungekuwa wewe ndiye sisi, ungeamini?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la tano. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akikwangua tope kwenye buti zake, na watu waliotoka kumwita mwongo walikuwa bado wanasikika njiani wakicheka. Aliendelea kukwangua buti iliyokwisha kutakata.

Shangazi Theodosia ni dada wa baba. Alizaliwa kijijini kwetu, mbele kidogo ya Peramiho ukitokea Songea, akasoma kwa masista, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea mawe. Hilo peke yake lilitutia shaka. Watu husomea udaktari, husomea sheria. Mawe utayasomea nini kama huyauzi?

Mwaka ule alikuja na gari jeupe lisilo na jina la kampuni ubavuni. Akamwomba baba ruhusa ya kupima mwamba uliosimama juu ya shamba letu la mahindi, ule ambao akina mama huukwangua chokaa ya kupaka kuta.

"Unapima nini?" baba akauliza.

"Unavyobadilika, mlongo wangu. Hapa una vitundu kama kitumbua, hatua chache mbele ni mgumu kama kigae, halafu vitundu tena. Nataka kuuchora wote, toka mwanzo hadi mwisho."

"Kwa hiyo ndani mna mafuta?"

"Hapana. Mafuta yako mbali, nchi za watu, ndani ya mwamba wa aina hii hii, ila wa kwao umezama chini sana. Wanatoboa shimo hapa, jingine kule, na katikati hawaoni kitu. Wetu umetoka nje, unaonekana wote. Nikiuchora huu vizuri, watakisia vizuri ule wa kwao."

Baba alimtazama kama anavyomtazama muuza mbegu wa barabarani.

"Yaani unalipwa upime kisicho na kitu, wengine wapate kitu kwao?"

"Ndiyo. Ila mwamba usiguswe mpaka nimalize. Ukibomolewa katikati, kazi yangu yote imekufa, na wale wa mafuta hawanipi mkataba tena."

"Haya, pima," baba akasema. Aliruhusu, lakini usiku ule alifunga jogoo wake ndani, kama vile dada yake angeondoka naye.

Basi shangazi akapima. Alirusha kile kidude chake kinachovuma kama nyuki kikapiga picha mwamba mzima, na bibi akaacha kuoga uani. Alitoboa mwamba, akatoa vipande vyembamba kama vidole, akavichora mishale, akavifunga kwenye vitambaa na kuvipanga garini. Mimi nilikuwa nahesabu mafurushi. Kama hayana kitu, mbona anayafunga kama mayai?

Halafu akalamba jiwe.

Siku hiyo alikuwepo Bashiru, dalali wa vito kutoka Tunduru, aliyekuja kumsalimia rafiki yake Chande, jirani yetu. Huko Tunduru, dalali akitaka kujua rangi ya jiwe chafu hulilamba, liloe, kisha hulinyanyua kwenye jua. Bashiru alimwona shangazi anavunja jiwe, analilamba, anasogeza lenzi jichoni. Akasimama palepale.

"Anayelamba ameona," akamwambia Chande.

Jioni uani kwetu kulijaa.

"Mama, shikamoo," Bashiru akamwamkia bibi kwanza, kisha akamgeukia shangazi. "Dada, wewe si mwenzetu? Tugawane tu."

"Nalamba ili nione chembe. Likiwa kavu, vumbi linaficha."

"Sasa si ndivyo tunavyosema na sisi!" Chande akaruka, watu wakaangua kicheko.

Shangazi akaenda garini, akaleta mafurushi yote, akayamwaga kwenye mkeka. "Bashiru, chagua mwenyewe."

Bashiru alichagua. Alilamba, akamulika na tochi, akalamba jingine. Kila mtu alikuwa anatazama ulimi wake. Mwishowe akatema pembeni.

"Wallahi, hii ni chokaa tupu."

Nilidhani yamekwisha. Chande akamkazia macho rafiki yake. "Amekupa ngapi?"

"Mimi?"

"Tangu lini dalali akasema jiwe ni bovu mbele ya watu? Mmeshapatana nyie!"

Bashiru akaapa tena, na kila alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Waliondoka hivyo, wakimwita shangazi mwongo, na yeye akakaa na buti zake. Ndipo nikamwuliza lile swali.

Jumapili, tukiwa kwenye Misa, Chande na wenzake walipanda mwambani na sururu. Waliuchimba katikati kabisa, mahali alipokuwa amelamba, mpaka ukuta ukaporomoka juu ya mahindi yetu. Hawakuumia. Tuliwakuta wamekaa, weupe kama waliopakwa unga, wakipekua vifusi. Hapakuwa na kitu.

Shangazi alipima pande mbili zilizobaki, akaondoka. Mkataba hakupewa tena. Na bado kijijini wanasema lile jiwe lenyewe liliondoka na gari.

Sasa nipo kidato cha tatu hapa Songea mjini, na naishi kwake, Bombambili, kwenye nyumba ya kupanga. Anafundisha jiografia. Nakiri sikuja na moyo mweupe. Wiki ya kwanza nilikagua kabati, nikanyanyua godoro, nikatazama hata chini ya mtungi wa gesi. Nilikuta madaftari ya wanafunzi na kopo la biskuti lenye sindano na uzi.

Juzi alinionyesha mwamba wetu kwenye kompyuta. Penye vitundu ni buluu, pagumu ni kahawia, rangi zimeingiana kama kitenge. Katikati pana kijivu.

"Hapa?"

"Hapa nilikisia. Kama wale wa mafuta."

Nikamwuliza tena, maana safari hii hakuwa na buti za kukwangua. Ungekuwa wewe ndiye sisi?

Alifunga kompyuta taratibu.

"Nisingeamini hata neno moja," akasema. "Na nisingesubiri Misa. Ningechimba siku ya kwanza."