Ufagio wa Mama Dafroza na Kipimo cha Pumzi

Kabla sijaanza, nitayagawa maneno yangu mafungu mawili. Niliyoyaona kwa macho yangu nitayaandika bila kusita. Niliyoyasikia nitasema wazi kwamba ni ya kusikia, msomaji ayapime mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupima pumzi za watu, na kazi hiyo haimvumilii mtu wa "nasikia".

Niliianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika zahanati moja ya Tumba, pembeni mwa mji mkuu wa Sweden, nikiwa nimevaa koti jeupe lililonizidi mabega. Siku ya kwanza Muuguzi Mkuu, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alinikabidhi bomba la plastiki nene kama mchi. Ndani yake huingia lita tatu kamili za hewa. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, hewa hiyo husukumwa ndani ya spirometa, yaani mashine ya kupima pumzi, ili ionekane kama itasema tatu. Siku hiyo ilisema mbili nukta nane.

"Umeona?" akasema. "Hata mashine huamka na uongo. Usiiamini mpaka uijaribu. Wewe pia bado sijakuamini."

Nilimheshimu papo hapo.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa kliniki ya mapafu, kusini mwa jiji, chini ya Daktari Mkuu. Wasweden humwita hata mkubwa wa kazi kwa jina lake la kwanza. Mimi nililelewa Machakos. Nilimwita Daktari mpaka siku niliyostaafu, naye akaacha kunirekebisha.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Mgonjwa hubanwa pua kwa kibanio, hujaza kifua, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote mpaka hewa iishe. Tunachokitazama zaidi ni hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza. Mwenye pumu njia zake za hewa zimebana, kwa hiyo sekunde hiyo humpita akiwa ametoa kidogo. Mpimaji naye hana budi kupaza sauti: puliza, puliza, endelea, endelea!

"Mzee," aliniambia Mama Dafroza, mgonjwa wa mwaka wangu wa mwisho kazini, siku ya kwanza nilipompima, akifuta machozi ya kicheko, "hata mkunga wangu hakunipigia kelele hivi."

Mama Dafroza alikuwa Mtwa kutoka Burundi. Batwa ni wenyeji wa asili wa nchi ile na wafinyanzi tangu mababu. Alikuwa katika majaribio ya kazi kwenye karakana ya vyungu kule Jordbro, kitongoji cha jiji, na mwenye karakana alimtaka kabisa. Lakini tangu aanze kazi hiyo kifua kilikuwa kikimbana kila wiki. Kama asingepata cheti cha Daktari kwamba afya yake inaiweza kazi hiyo, angeikosa, na ufinyanzi ndio kazi pekee aliyoijua tangu utotoni.

Hapa nakiri kosa langu. Jirani yangu wa mtaa wa Farsta, Mrundi mcha Mungu, alikuwa ameniambia kanisani kwamba Batwa huzaliwa na vifua vibovu, eti ni damu. Nami, msomi mzima, kwenye nafasi ya chanzo cha ugonjwa niliandika: "Pumu ya asili, ni kawaida ya watu wake."

Daktari Mkuu alisoma, akavua miwani.

"Hili umeliona au umelisikia?"

"Nimelisikia, Daktari."

"Wapi?"

"Kanisani."

"Basi lirudishe kanisani."

Nilifuta, nikamuuliza Mama Dafroza mwenyewe. Alizaliwa katika kibanda cha nyasi chenye mlango mmoja, na jiko katikati. Tangu utotoni alipepea moto wa kuchomea vyungu. Kila masika alikohoa. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku, na walipofika, Batwa walihudumiwa wa mwisho.

"Damu yangu haikukosa kitu, Mzee," akasema. "Kilichokosekana ni dirisha."

Hayo yalieleza pumu ilikotoka. Hayakueleza kwa nini sasa ilizidi, katika nchi yenye madirisha ya vioo viwili. Nikampa kifaa kidogo cha kupimia kasi ya pumzi, apulize asubuhi na jioni na kuandika namba. Baada ya wiki mbili daftari lilinena lenyewe: Jumamosi na Jumapili namba zilipanda, na kuanzia Jumatatu zilishuka kama mtu anayeteremka ngazi.

"Usikisie," alisema Daktari Mkuu. "Nenda ukaone."

Nilifika Jordbro saa moja asubuhi, kabla ya mwenye karakana. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, katika wingu jeupe, Mama Dafroza alikuwa ameinama, akifagia udongo mkavu kwa ufagio wa vijiti aliokuja nao kutoka kwao.

"Mama Dafroza! Unafanya nini?"

"Nafagia, Mzee. Nimwache mwenyeji wangu akanyage vumbi? Mimi nililelewa!"

Akakohoa mpaka akashika ukuta.

Mwenye karakana alipofika alishika kichwa. Sheria ya kwanza ya karakana yake ilikuwa kwamba udongo haufagiwi ukiwa mkavu. Hupigwa deki kwa maji. Miezi yote hiyo aliikuta sakafu ikimeta, akashukuru bila kuuliza. Adabu ya mgeni na shukrani ya mwenyeji zilikuwa zimeshirikiana kumziba mtu pumzi.

Mama Dafroza aliletewa ndoo na deki. Aliitazama kwa dharau. "Hii si kufagia, hii ni kuosha mtoto." Lakini aliosha, na dawa yake ya kuvuta akaivuta kila siku.

Nilistaafu mwanzoni mwa muongo uliofuata, na kipimo changu cha mwisho kilikuwa chake. Asubuhi hiyo mashine ilikuwa imesema tatu kamili. Nilipaza sauti, akapuliza, na hewa ya sekunde ya kwanza ikafika inapopaswa kufika kwa mwanamke wa umri na kimo chake. Daktari Mkuu alitia saini cheti mbele yangu.

Vijana huniuliza kazi ile ilinifunza nini. Ilinifunza kwamba neno "damu" hupendwa sana na watu wasiotaka kwenda kutazama nyumba, moto na foleni ya zahanati.

Nasikia sasa Mama Dafroza anawafunza wengine ufinyanzi. Hilo nimelisikia tu. La mwisho ninaloweza kuliapia ni hili: wiki moja baada ya kustaafu nilikwenda Jordbro. Ufagio ulikuwa umetundikwa ukutani juu ya vyungu, na sakafu ilikuwa bado mbichi kwa maji ya deki. Nikaingia.

"Mzee!" akafoka kutoka upande wa pili, kwa pumzi moja ndefu isiyokatika. "Viatu!"

Nikatazama chini. Alama za viatu sakafuni zilikuwa zangu.