Pazia la Kanga

Juzi, katika duka moja mtaani Madungu, nilikunjua kanga mpya, na harufu yake ya wanga ikanirudisha kwenye mlango wa chumba cha mama.

Nilipokuwa mdogo, nilikaa mlangoni pale siku tatu. Mama alikuwa ndani, ziwa limemvimba kwa jipu, na mdogo wangu mchanga analia njaa. "Akija mtu, sema nimelala, usiseme zaidi," aliniambia. Kituo chetu cha afya kilikuwa na chumba kimoja tu, na dirisha lake tupu lilitazama benchi la wanaume. Mama alisema bora afe kuliko kuvua nguo pale. Wenzangu walipita wakiniita tukacheze. Sikuweza kuondoka, wala kusema.

Siku ya tatu asubuhi jirani yetu akapiga hodi. "Mamako yuwapi?"

"Kalala," nikasema, kisha nikaanza kulia, na yote yakanitoka.

Hakunigombeza. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na asubuhi ile ile wanawake wa mtaa wakakaa ukumbini kwetu, kila mmoja na kanga yake mpya, wakaziunga wakashona pazia. Wakaenda kulitundika wenyewe kwenye dirisha la kituo, wakarudi kumchukua mama.

Nilisubiri kwenye benchi na mtoto mapajani. Nilimsikia mama akipiga ukelele mmoja jipu lilipopasuliwa.

Alipotoka, kifua kimefungwa bendeji, alinijia pale benchini.

"Nilikwambia usiseme," alisema.

Akanishika mkono, akaubana hadi nyumbani, na mimi sikuthubutu kuuchomoa.