Tumbo la Mpira na Tangi la Mama

Mpira ule ulikaa chumbani kwetu Mukendo, mjini Musoma, kati ya kitanda na kabati, na sitaki mtu aniambie kwamba niliuzoea. Sikuuzoea. Ulikuwa mfuko mkubwa wa mpira mweusi, mnene, wenye tundu moja la kujazia upepo. Ukijazwa ulikuwa mviringo mkubwa kuliko mtu mzima. Ukitolewa upepo ulilala chini umekunjamana kama tumbo la ng'ombe kabla halijaoshwa. Vibarua wa mume wangu waliuita tumbo, na hapo hawakukosea hata kidogo.

Mume wangu ni fundi wa matangi ya maji ya mvua. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unajaza tumbo upepo, unalizungushia waya wa kuku, unapiga plasta ya saruji juu yake tabaka kwa tabaka, huku ukiacha mdomo kule juu. Saruji ikishakauka unafungua upepo, tumbo linasinyaa humo ndani, unalivuta kupitia ule mdomo, na kinachobaki ni tangi tupu. Kesho unalipeleka tumbo lile lile kwa mtu mwingine. Ni ujanja mzuri, nakubali. Shida ni kwamba saruji hung'ang'ania mpira, kwa hiyo kabla ya plasta lazima tumbo lipakwe kitu cha kuteleza.

Mafundi wengine hupaka oili chafu ya magari. Mume wangu alikataa. Alisema oili ya gari na maji ya kunywa wapi na wapi, hiyo ni sumu. Akaenda mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, akapatana na akina mama wanaokaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki baada ya minofu kutolewa, wakawa wanamwekea mafuta yanayochujwa kutoka kwenye utumbo wa samaki. "Haya watu wanakulaga," aliniambia, akiwa ameshika ndoo kama aliyeshika maziwa. Akili yake iliishia hapo.

Lakini yeye ni mtu wa ziwani. Amezaliwa kijiji ambacho ukitoka nje maji yako kulia na kushoto, na kwao harufu ya samaki ni harufu ya nyumba yenye chakula. Mimi ni wa Butiama, watu wa ng'ombe na mtama. Mama yangu hajawahi kutia samaki mdomoni. Jirani akipika samaki, mama anabeba kigoda chake na kuhamia upande upepo unakotoka. Mimi nilipoolewa nilijifunza kula samaki, sato kwa furaha na sangara kwa kujikaza. Ila mafuta ya utumbo wa sangara yaliyoshinda juani kwenye ndoo, kisha yakapakwa kwenye mpira, kisha mpira ukaja kulala na mimi chumba kimoja, hayo hakuna ndoa iliyonifundisha.

"Tumbo lako linanuka," nilimwambia.

"Linanukaga wapi? Ni hiyo pua yako. Nyie watu wa ng'ombe mmezoea mavi, kitu kizuri kikipita mnaziba pua."

Alicheka. Nami nilicheka, maana utani wa mtani haulipwi kwa ngumi, lakini shuka langu lilikuwa linanuka.

Siku moja nilimfuata Bunda, mtaa wa Kabasa, alikokuwa akijenga tangi kwa mtu wa matofali. Nilifika wakati wanalitoa tumbo. Vibarua walilivuta kwa kamba, likatoka polepole kwa sauti ya kufyonza, linang'aa, linachuruzika, kama ndama aliyefia ndani ya mama yake. Inzi walikuja kama walioitwa kwenye sherehe. Kisha wakaja mbwa. Sijui mtaa ule una mbwa wangapi, ila wote walikuwa pale, wanalamba mpira, wanalamba saruji, mmoja analamba gumboti la mume wangu. Yeye alikuwa anasifia jinsi lilivyoteleza vizuri. Mwenye tangi hakulalamika kamwe, kwa sababu maji yake yalikuwa ya kufyatulia matofali, na tofali halina pua.

Ndipo ikafika zamu ya mama.

Mama alikuwa akichota maji lamboni. Ng'ombe wa kijiji kizima huingia mle hadi kifuani, wanakunywa huku wanakojoa. Kuhara kulikuwa hakumpi nafasi, na pale zahanati walishamwambia waziwazi kwamba akiendelea na maji yale wasilaumiane. Kwa hiyo tangi la mama halikuwa pambo la uani. Lilikuwa uzima wake. Nilimsihi mume wangu safari hiyo apake sabuni. Akasema sabuni inakauka na jua kabla plasta haijaisha, na kwamba mvua ya kwanza itasafisha kila kitu. Niligomba, nikashindwa, maana fundi ni yeye na mkwe mwenye kutoa zawadi ni yeye.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na neno la huyu humfikia yule kupitia mtu wa kati. Muda wote wa ujenzi mama alishinda kwa jirani. Akirudi alikohoa kutoka mbali ili mkwe ageuke upande mwingine. Chakula nilikipeleka mimi, shukrani nilizirudisha mimi. Nilikuwa kama posta.

Mvua zikaja, gata likamwaga maji, tangi likajaa. Nikawa napiga simu kutoka Musoma.

"Mama, maji ipo?"

"Ipo, imejaa mpaka juu. Mwambie mkwe wangu ameniheshimisha."

Kila nikipiga, jibu lilikuwa hilo hilo. Nilimfikishia mume wangu, naye akanenepa kwa sifa.

Masika yalipoisha nilienda kumsalimia. Nilimkuta amekonda, shingo imebaki mishipa. Alinipa maji ya kunywa, nikayasikia yana ladha ya tope. Nikadhani ni uchafu wa bati. Nikatoka kwenda kusuuza kikombe, nikafungua koki ya tangi.

Harufu ilitangulia maji. Yakafuata yenyewe, na juu yake utando wa manjano ulioshika vidole ukakataa kutoka. Ilikuwa ni sangara aliyeoza kwa miezi kadhaa, kwenye giza, kwa ajili ya mama yangu. Nilitapika palepale, juu ya kandambili zangu.

Mama alikuja mbio. Hakuniuliza nimepatwa na nini. "Taratibu," alisema. "Majirani watasikia."

"Unakunywaga nini, mama?"

"Ya lamboni. Naendaga alfajiri, napitia kule nyuma kwenye minyaa, watu wasinione."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie mkwe kazi yake inanuka? Kwa mdomo gani?"

Nilimtazama. Mafuta yale yalinitia kichefuchefu, lakini adabu ile ilinitia kichefuchefu zaidi. Mwanamke mzima ana tangi limejaa mlangoni, anajificha vichakani kuchota mkojo wa ng'ombe, ili mtu asiyeruhusiwa hata kumtazama usoni asione aibu. Nilipiga simu Musoma kwa hasira, nikamwambia mume wangu apande gari aje.

Alikuja. Akachota kikombe, akanusa, akanywa, akalamba midomo. "Mbona safi tu," alisema. "Labda kwa mbali, kwa mbali sana."

Nilitamani kumtumbukiza mle ndani kwa kichwa. Nilipaza sauti, nikamwambia hilo analoliona safi limemrudisha mama lamboni. Mama alikuwa nyuma ya mlango na alisikia kila neno. Akatoka, khanga ameivuta hadi kwenye paji la uso, akapita kwa ubavu bila kumtazama mkwe wake. Alichukua kikombe kilichokuwa kando ya koki, akakijaza, akageukia ua na kunywa chote hadi tone la mwisho.

"Mwambie mkwe wangu maji ni mazuri," aliniambia.

Kisha akazunguka nyuma ya nyumba kwa hatua za haraka. Tulimsikia wote wawili. Mtu akitapika toka rohoni hana namna ya kujificha, na mama alitapika mpaka kikabaki kikohozi kitupu.

Mume wangu alisimama, mikono inaning'inia. Alikwenda akafungua koki, akaiacha wazi, na maji ya masika mazima yakatiririka hadi barabarani, na mbwa wakaja. Tangu hapo akawa analeta madumu ya maji ya bomba kwa bodaboda, anayashusha mlangoni, anakohoa, anaondoka.

Tulipolikunjua tena tumbo, lilikuwa limekwisha. Mafuta yalikuwa yamelila. Mpira ulivimba, ukanata, ukawa unavutika kama ute. Alilitupa nje ya ua wetu Mukendo, na mbwa waliliburura hadi likapotelea mitaani. Sikulisikitikia. Nilifua mapazia na mashuka, nikasugua sakafu kwa majivu, na bado siku za joto harufu ilitoka sakafuni kunisalimia.

Kwa tangi la mama, mume wangu aliingia mwenyewe kupitia mdomo wa juu, na patasi. Alibandua plasta ya ndani yote iliyokunywa mafuta. Alikuwa akitoka kuvuta hewa, uso umekuwa wa kijivu, na siku moja nilimwona anatema mate na kukunja pua. Aliona nimemwona, akarudi ndani. Akaosha kwa majivu na maji ya moto, akapiga plasta mpya kwa mwiko, akamalizia na niru, ule uji wa saruji wa kulainisha. Akayamwaga maji ya mvua za kwanza, akasubiri nyingine.

Vuli ilipojaza tangi, nilionja mimi kwanza. Sikusikia kitu, ila pua yangu ilikuwa imekwisha kuharibika kwa kunusa, sikuiamini. Nikamjazia mama kikombe. Mume wangu alikuwa ameshaondoka uani, kama inavyotakiwa. Mama akanywa taratibu hadi mwisho.

"Mwambie mkwe wangu maji ni mazuri," alisema.

Maneno yale yale, sauti ile ile. Nilichukua kikombe, nikasema naenda kuanua nguo, nikazunguka nyuma ya nyumba ili nisikilize kama atakuja kutapika tena. Mume wangu alikuwa ameshafika. Ameegemea ukuta, kichwa ameinamisha, hata kupumua anajibania. Nikasimama kando yake. Mama hakuja. Tulisikia kandambili zake zikipita upande wa mbele, zikasimama penye tangi, kisha koki ikafunguliwa, na sufuria ikaanza kujaa.